Usigawe Pesa, Gawa Mwaka: Gari Juu ya Mawe na Nyumba Isiyoisha

Ukipita kata ya Suma, wilayani Rungwe, mwezi wa Machi, mvua ikiwa imekaza, utaziona nyumba nyingi zenye sura moja. Mbele kuna nyumba ya tofali za kuchoma: bati lipo, lipu bado, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao. Nyuma yake, kati ya migomba, kuna gari lililofunikwa turubai, limekaa juu ya mawe tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mwenye mji ukimwuliza, atakujibu bila wasiwasi: "Vyote vinaendelea."

Haviendelei. Najua, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa miaka mitatu. Nilikuwa na pikapu ya mtumba iliyokufa giaboksi, na nyumba iliyoishia kwenye bati. Kila nilipopata fedha za kuuza majani ya chai nilizigawa nusu kwa nusu, nikajiona mtu wa haki. Msimu mmoja nilinunua mifuko 15 ya saruji na, wiki hiyohiyo, giaboksi iliyotumika. Hela ya fundi wa lipu ikawa imeingia kwenye giaboksi, na hela ya kufungia giaboksi imeingia kwenye saruji. Giaboksi ikalala barazani, saruji ikalala chumbani. Kufikia Mei mifuko saba ilikuwa imeshika. Mama watoto aliipigapiga kwa mpini wa jembe, kisha akasema: "Baba, umenunua mawe kwa bei ya saruji. Na mawe tunayo."

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza swali la kwanza lipi, gari au nyumba. Nauliza: mwezi huu ni wa kazi ipi? Hesabu zinazofuata ndizo zilizonifikisha hapo. Bei ninazotumia ni za kupigia hesabu, nimezifanya za mviringo ili zisomeke. Duka lako la Tukuyu au la Mwanjelwa, Mbeya, litakupa zake. Ziweke mahali pa zangu, halafu uangalie uwiano.

Gari likisimama linakula nini?

Zamani gari lililosimama lilikula hela ya serikali. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, wengi wetu tulikuwa tukiiita "rodi laisensi", ilihesabiwa hata kama gari halijatoka uani, na mtu alikuja kuligundua deni siku anayotaka kuuza. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliifuta ada hiyo ya kila mwaka, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake, leo anayelipa ni anayetembea. Bima nayo ni ya gari linaloingia barabarani: ile ndogo ya kulinda watu wengine, kwa gari binafsi, ni shilingi 100,000, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18 inafika 118,000 kwa mwaka. Gari lililo juu ya mawe halina sababu ya kulipiwa hiyo mpaka siku litakaposhuka.

Kwa hiyo serikali haikudai. Anayekudai ni mvua. Rungwe ni wilaya ya maji: tambarare zake hupata kama milimita 900 kwa mwaka, na sehemu za juu hufika 2,700. Katika unyevu huo diski za breki hushika kutu na pedi hunata. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji ya hewani, hivyo huzeeka hata kama hayajafanya kazi. Betri hujimaliza yenyewe. Tairi zilizobeba uzito mahali pamoja hupoteza umbo. Petroli ya miezi mingi huacha utando kwenye njia zake. Halafu wako panya, ambao hupenda nyaya zilizo pakavu chini ya boneti kuliko mahindi ya darini. Gari lililoingia uani na tatizo la giaboksi peke yake hutoka na matatizo matano.

Nyumba isiyoisha nayo ina deni lake. Ukuta wa tofali usio na lipu hurushiwa matope na maji ya paa, na mistari ya chini huanza kulika, hasa kama tofali zilipangwa kwa udongo. Mbao za kenchi zisizo na dari huonyesha madoa. Ila nyumba yenye bati zima inavumilia mwaka mmoja kuliko gari linavyovumilia turubai. Turubai hulizuia gari lisilowe kwa juu, na hapohapo hulifungia jasho kwa chini.

Banda kwanza: paa moja, kazi mbili

Kabla hujanunua spea au mfuko wa saruji, pigia hesabu paa jingine, lile la banda. Chukua banda la wazi, lisilo na kuta, linalotosha pikapu na mtu wa kuizunguka akiwa na spana mkononi. Bati 12 za mita tatu, sita kwa upana na mbili kwa urefu, zinafunika karibu mita 5.9 kwa 4.5. Hesabu yake:

– Bati 12 za geji 28 kwa 40,000: 480,000
– Nguzo sita za mlingoti: 60,000
– Mbao za 2 kwa 4, vipande 14 kwa 7,000: 98,000
– Papi za 2 kwa 2, vipande 11 kwa 4,000: 44,000
– Misumari ya bati na ya kawaida: 40,000
– Saruji mifuko minane kwa 18,000: 144,000
– Mchanga na kokoto: 120,000
– Gata na bomba lake: 50,000
– Fundi siku nne kwa 30,000: 120,000
– Kibarua siku nne kwa 15,000: 60,000

Jumla ni 1,216,000. Fedha hizo zinauma, lakini tazama zinachonunua. Gari linatoka mvuani. Mbao na tofali za nyumba zinapata pa kukaa. Fundi wa milango na madirisha anapata kivuli cha kufanyia kazi. Na maji nayo yana hesabu: kila milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mvua ya milimita 2,000, paa hilo la mita za mraba 26 na ushee linapokea zaidi ya lita 50,000 kwa mwaka. Mwenye gata na tangi la lita 1,000 anaweza kuchanganya zege, kumwagilia lipu na kuosha gari bila kutuma mtoto mtoni.

Watu hujaribu kupunguza gharama ya banda mahali pawili. Pa kwanza ni bati. Kumbuka kwamba geji inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Ukichukua geji 30 kwa 30,000 badala ya 28, unaokoa 120,000. Kwa banda la wazi, mahali ambapo migomba na miti haiangukii, nisingekulaumu. Kwa nyumba ya kulala, ambayo paa lake hutalipanda tena kwa miaka 20, hiyo ni akiba ya kulia baadaye. Geji yoyote utakayochagua, tafuta alama ya TBS kwenye bati lenyewe, maana si kila kinachoitwa 28 dukani ni 28.

Pa pili ni sakafu. Wengi hutaka zege banda zima. Sakafu ya mita 5.5 kwa 4.2, unene sentimeta 10, kwa mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne, inameza mifuko karibu 15. Badala yake, mwaga mistari miwili tu ya kupita matairi, kila mmoja upana wa sentimeta 75: mifuko mitano inatosha, na ile mitatu iliyobaki kwenye orodha yetu ni ya kushika nguzo. Tofauti ni mifuko kumi, yaani 180,000 kwa saruji peke yake, kabla ya mchanga. Katikati jaza kokoto. Jeki inapata pa kukanyaga pagumu, oili ikimwagika unaiona, na maji yanapata pa kwenda.

Usichimbe shimo la makenika. Najua linavutia, gereji za mjini zinalo. Kwa mvua zetu shimo hilo litakuwa kisima ifikapo Desemba, na likiwa kavu ndilo mahali mvuke wa petroli unapojikusanya, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa.

Fundi au mwenyewe? Maswali mawili

Rudi kwenye orodha ya banda. Ufundi wote, fundi na kibarua, ni 180,000 kati ya 1,216,000, kama asilimia 15. Iliyobaki ni vifaa. Ukijifanya fundi mkuu wa paa, akiba yako ya juu kabisa ni hiyo asilimia 15. Ukikata vibaya bati tatu na mbao nne, umeshairudisha karibu yote.

Hapa ndipo tunapodanganywa na kumbukumbu ya wazee. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wao Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kuhusu vijiji vya rika: vijana wa kiume wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao pamoja. Kila kijana alijua kujenga. Lakini angalia walijenga kwa nini. Mianzi ilikatwa bondeni, udongo ulikuwa palepale, nyasi hazikuwa na risiti. Gharama yote ilikuwa nguvu ya mwili, na ukikosea, ulipoteza siku moja. Leo nguvu ya mwili ni sehemu ndogo ya bei, na kosa linalipiwa dukani. Kujifanyia mwenyewe bado kuna faida, ila imehamia mahali pengine.

Kwa hiyo, kwa kila kazi, ya gari au ya nyumba, jiulize mambo mawili. La kwanza, katika bei nzima, ufundi ni sehemu gani? La pili, nikikosea, nitalipa nini?

Rangi ya ndani ya vyumba viwili: rangi 120,000, ufundi 80,000. Ufundi ni asilimia 40, na kosa lake ni kupaka tena. Fanya mwenyewe. Subiri tu lipu mpya ikauke, wiki nne si nyingi kwa baridi ya Rungwe, la sivyo rangi itafura.

Kuchimba mashimo ya nguzo, kubeba tofali, kuchekecha mchanga, kumwagilia zege na lipu kwa siku saba: hizi ni kazi za kibarua, kosa lake ni dogo, fanya mwenyewe. Kumwagilia hasa, kwa sababu hakuna fundi atakayerudi kwako saa kumi na mbili asubuhi kwa siku saba kwa ajili ya maji.

Kubadilisha oili ya injini: oili 75,000, filta 10,000, ufundi 15,000. Ufundi ni asilimia 15 tu, lakini kazi ni rahisi, na faida kubwa haimo katika ile 15,000. Imo katika kujua oili imetoka kopo gani. Seti ya spana ya 60,000 inajilipa kwa mara nne, na spana hizohizo zinafunga boliti za geti.

Pedi za breki: pedi 50,000, ufundi 20,000. Kwa uwiano inaonekana kama kazi ya mwenyewe. Sasa uliza swali la pili. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na Ziwa Nyasa liko kama mita 474. Anayeteremka kwenda Kyela anashuka zaidi ya mita 1,000, nyuma yake malori ya mpaka wa Kasumulu. Kosa la breki hapa linalipwa kwa watu. Mwachie fundi, simama pembeni uangalie, uliza, na mara ya tatu fanya mwenyewe yeye akiangalia. Tairodi, mfumo wa usukani, mkanda wa taimingi na pampu ya dizeli mwachie kabisa.

Upande wa nyumba, ndugu wa breki ni wawili: kenchi na umeme. Paa likikaa vibaya, linang'oka na upepo wa kwanza. Na umeme si suala la ujuzi tu: kazi ya kusambaza nyaya ndani ya nyumba inatakiwa ifanywe na mwenye leseni ya EWURA. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini, shilingi 27,000, ni ndogo kiasi kwamba watu husahau kuwa nyaya za ndani ni mfuko mwingine. Usiokoe hapo. Mafundi wetu wazuri wapo, wengine wamejifunzia kazini bila cheti. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha waliojifunza mtaani, hivyo kumwuliza fundi kama amepitia huko si kumdharau.

Orodha mbili, safari moja

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilometa 70. Kila safari ya Mwanjelwa ina nauli, chakula na siku nzima iliyopotea. Mimi nilikuwa nakwenda mara moja kwa spea, mara nyingine kwa vitasa. Sasa kuna daftari moja lenye kurasa mbili zinazotazamana, gari kushoto na nyumba kulia, na siondoki mpaka kurasa zote mbili zina mambo matatu na fedha zake.

Kwenye spea utapewa ngazi tatu. Ya kwanza ni mpya halisi ya kiwanda cha gari, ghali kuliko zote. Ya pili ni mpya ya kiwanda kingine, ya bei ya kati, ubora wake unatofautiana mno. Ya tatu ni iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa nje. Kanuni yangu ni hii: chuma kizito kinunue kilichotumika, kinachochakaa kwa kazi kinunue kipya. Giaboksi, mlango, taa, altaneta: iliyotumika na halisi mara nyingi hushinda mpya isiyojulikana. Pedi, mikanda, hosi za rejeta, filta, bushi: kipya siku zote, kwa sababu hivyo vimeumbwa kuisha, na hujui mwenzako alishakula kiasi gani. Bandia zipo katika ngazi zote. Tume ya Ushindani imekuwa ikizikamata bidhaa hizo kwa miaka mingi na bado zipo.

Dai risiti ya EFD hata kama unapewa "bei ya bila risiti". Spea ya umeme ikikataa siku ya pili, anayekumbuka sura yako bila karatasi ni nadra. Ile giaboksi yangu ya kwanza iliyotumika ilikuwa na meno mawili yaliyolika. Sikuwa na risiti, kwa hiyo sikuwa na neno.

Upande wa nyumba jihadhari na punguzo la jumla kwenye saruji. Mifuko 20 kwa bei nafuu ni nafuu kama fundi anaanza Jumatatu. Saruji hunyonya unyevu kupitia mfuko na hupungua nguvu kila mwezi inaokaa. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na nunua ya wiki mbili tu. Vinavyoweza kusubiri ni mawe, kokoto, misumari, bati na gata. Hivyo ndivyo vya kuwekea akiba.

Zana: kununua, kuazima, kukodi

Faida pekee ya kuwa na kazi mbili nyumbani ni kwamba zana nyingi hazijui tofauti ya gari na nyumba. Grinda hukata nondo na hukata boliti iliyoshika kutu. Drili hutoboa ukuta na hutoboa bodi. Ukikodi grinda kwa 10,000 kwa siku na mpya ni 100,000, kumi ndiyo namba yako: hesabu siku za kazi zote mbili kwa pamoja, na zikizidi kumi, nunua. Mashine ya kuchomelea ni habari nyingine. Inataka umeme wa nguvu na mkono uliozoea. Lipa fundi kwa kazi.

Mambo matatu ya kuangalia wakati zana zinavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Usikate bati la rangi kwa grinda: cheche huunguza rangi yake, na chembe za chuma zinazotua juu ya bati huanza kutu kabla ya Pasaka. Tumia mkasi wa bati. Pili, usiweke gari juu ya tofali za kuchoma kwa kuwa zipo karibu. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Stendi mbili za chuma ni bei ya tairi moja la mtumba, na bila hizo, chini ya gari usiingie hata mkono. Tatu, oili chafu. Watu huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, na kwa nguzo za banda wengi wetu tumefanya hivyo. Lakini isimwagwe kwenye migomba wala mfereji. Maji mengi ya Rungwe yanateremka Nyasa, na kabla ya kufika huko yanapita kwenye ndoo ya mtu.

"Natengeneza gari libebe vifaa vya nyumba"

Sentensi hiyo nimeisema mimi, na nimeisikia kwa wanaume wengi kiasi kwamba inastahili hesabu yake. Tuseme kufufua gari ni 1,500,000. Kukodi pikapu ya mtu kutoka Tukuyu hadi nyumbani ni 40,000 kwa safari. Gari lako mwenyewe litatumia mafuta ya 15,000 kwa safari hiyohiyo (bei kikomo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ibadilishe). Unaokoa 25,000. Gawanya: unahitaji safari 60 ili gari lijilipe, na bado hujaweka bima wala tairi. Kumalizia nyumba ya vyumba vitatu kunahitaji safari kumi, labda kumi na mbili. Kodi.

Lakini kama kila wiki una ndizi au parachichi za kupeleka sokoni, safari 60 ni mwaka mmoja na wiki chache. Hapo gari ni biashara, nalo lina haki ya kutangulia lipu. Na kama huna ndizi za kila wiki wala nyumba ya kujenga mbali, hesabu hiyohiyo inakuambia jambo gumu zaidi: liuze likiwa bado linaitwa gari, kabla halijaitwa vyuma.

Gawa mwaka

Sasa narudi kwenye kosa langu. Nusu kwa nusu ilionekana haki, lakini kazi nyingi haziuzwi nusu. Hakuna nusu ya giaboksi, hakuna nusu ya kenchi. Ukigawa fedha, kila upande unapata kiasi cha kuanza na hakuna upande unaopata kiasi cha kumaliza. Mvua ndiyo inayokula hicho kilichoanzwa. Anayekopa kuziba pengo huliongeza: kwenye kikundi kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, 1,000,000 ya miezi mitatu ina 300,000 juu yake.

Kinachogawika bila hasara ni mwaka. Juni hadi Oktoba ni ya nyumba. Juni na Julai kuna ukungu na manyunyu, kwa hiyo ni lipu ya ndani, sakafu, kuchimba. Agosti hadi Oktoba ni bati, lipu ya nje, rangi. Miezi hiyo gari halinunuliwi hata balbu, linakaa chini ya banda, betri imetolewa, linatulia. Novemba hadi Mei ni ya gari. Hakuna lipu ya nje inayokwenda popote Machi, lakini chini ya banda mtu anafungua injini kwa raha huku mvua ikipiga bati juu yake. Nyumba miezi hiyo inapata vile vya kuhifadhi tu, mawe na misumari.

Hapo chai nayo inasaidia kama ukiielewa. Majani huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, kwa hiyo fedha nyingi huja wakati nyumba haijengeki. Ndiyo iliyokuwa ikinichoma: nilinunua saruji kwa kuwa hela ipo, siyo kwa kuwa jua lipo. Siku hizi hela ya mvua inakwenda kwanza kwenye hatua moja ya gari, kisha inayobaki haigeuzwi kuwa mfuko wa saruji. Inasubiri Juni ikiwa bado ni hela.

Nilianza na banda, Agosti. Lipu ya nje ikaisha Oktoba ya mwaka huohuo, kwa fundi mmoja na mimi nikiwa kibarua wake. Giaboksi ya pili, yenye risiti, ilifungwa Februari, siku mbili, mvua ikinyesha zote mbili. Na ile mifuko saba iliyoshika sikuitupa. Niliivunja kwa nyundo nikaishindilia kwenye mashimo ya nguzo za nyuma, chini ya zege. Mama watoto hupita pale akienda kuchota maji ya tangi, na mara mojamoja huigonga nguzo kwa kidole. Bado haijatikisika.